Sufuria Iliyooshwa Alfajiri

Mugendi hakugusa nduma.

Ednah aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, maana macho yake yalikuwa na tabia mbaya ya kumfuata Mugendi chumba kizima hata pale alipoyakanya. Nduma alizichemsha mwenyewe asubuhi, akazifunga kwa kitambaa zisipoe. Sahani ilizunguka meza. Mzee Hezekiah alichukua vipande viwili, kimoja cha kula na kimoja cha "mgonjwa nyumbani," na hakuna aliyemuuliza mgonjwa ni nani kwa sababu wote walijua ni yeye mwenyewe, akishikwa na njaa baadaye. Joyline akachukua kikubwa kuliko vyote bila kuomba radhi. Sahani ilipofika kwa Mugendi, akaisukuma kwa ncha ya kidole.

"Nimeshiba," alisema.

"Umeshiba nini, wewe?" Joyline alimrukia, mdomo ukiwa umejaa. "Mwanamume wa Githongo kushiba nduma ni kama mbuzi kushiba majani. Ama unajiweka mwembamba kwa sababu ya kesho?"

Wote wakacheka. Mugendi naye akacheka, lakini cheko lake lilichelewa kidogo, na Ednah akaligundua hilo pia.

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha hoteli ya Mama Hawa, pale Majengo, ambapo Jumamosi alasiri harufu ya chai ya tangawizi hupigana na harufu ya nyama ya buchari ya jirani na hakuna inayoshinda. Wenyewe walijiita Washukiwa. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao, walioshindwa kulala vizuri bila kujua nani alimuua nani. Mzee Hezekiah alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kusoma Biblia madhabahuni. Joyline aliuza mitumba. Mugendi alikuwa karani wa sacco, chama cha kuweka akiba, mjini Meru. Ednah alishona sare za shule, na ni yeye aliyewapa Washukiwa desturi yao kubwa.

Kisa chenyewe kilianzia kwa Joyline. Mwanzoni walikuwa wakiazimana vitabu tu, hadi siku Joyline aliporudisha riwaya ya Mzee Hezekiah akisema kwa furaha, "Aki sikudhania ni daktari!" wakati wenzake watatu hawajaisoma. Mzee hakumsemesha mwezi mzima. Ndipo Ednah akachukua sindano na uzi mweusi wa kushonea suruali, akaishona sura ya mwisho ya kitabu kilichofuata pembeni, kurasa zote pamoja, kama mfuko usio na mdomo. Tangu hapo, anayeleta kitabu anachokipenda hukileta kimeshonwa. Kinapita mikono yote. Kisha wanakutana, kila mtu anamtaja muuaji na kutoa sababu, uzi unakatwa, na Mzee anasoma mwisho kwa sauti. Aliyekosea anaosha vikombe vya Mama Hawa.

Ni katika kuosha vikombe hivyo ndipo Ednah na Mugendi walipoanza. Walikosea pamoja vitabu vingi sana, mpaka Joyline akasema hakuna watu wajinga kiasi hicho, hao wanakosea kusudi.

Mwezi huu zamu ilikuwa ya Ednah. Alikileta kitabu alichokipenda kuliko vyote alivyowahi kusoma, *Chumvi ya Jumapili*. Mwenye duka anakula chakula cha Jumapili nyumbani kwake, anashika tumbo, anakufa. Kijiji kizima kinamtazama mkewe.

Kukichagua hakukuwa bahati tu. Ednah alikuwa mjane. Mugendi alijua hivyo. Alijua kwamba mumewe, Nyamu, aliugua ghafla huko Kianjokoma, Embu, akafariki. Kile ambacho Ednah hakuwahi kumwambia ni maneno yaliyofuata mazishi: kwamba marehemu alikuwa amekula kwa mke wake. Alitaka kumwambia. Kila alipofungua mdomo, maneno yaligeuka yakawa habari za uzi na vifungo. Basi akaona kitabu kitangulie kupiga hodi, naye atafuata nyuma.

Na ilibidi afuate haraka, kwa kuwa kesho yake, Jumapili, alikuwa ampeleke Mugendi Kianjokoma kwa Mama Wamuyu, mama mzazi wa Nyamu. Wazazi wa Ednah walishafariki. Mahari yake ilikwisha kupokelewa zamani, na mpaka leo alihesabika binti wa boma lile. Alikuwa ameapa moyoni kwamba akiolewa tena hatapitia dirishani. Mama Wamuyu angemwambia "nenda, mwanangu," ndipo aende. Asipomwambia, haendi. Mambo yalikuwa sawa mpaka jana, Mama Wamuyu alipopiga simu akilia, akisema kuna mtu wa bima amekuja bomani kuuliza habari za kifo cha Nyamu. Ednah alimwambia hao ni matapeli, dunia imejaa, asijisumbue. "Jumapili nakuletea mtu mzuri, Mama. Utafurahi."

"Haya, Washukiwa," Mzee Hezekiah akagonga kikombe kwa kijiko. "Tumfunge mtu. Joyline?"

"Ndugu wa marehemu. Mtu anayevaa kofia ndani ya nyumba si mtu."

"Hiyo ni sababu?"

"Mzee, mimi nimeolewa mara mbili. Hiyo ni sababu."

Mzee mwenyewe alimshuku mganga wa zahanati, kwa hoja ndefu zenye a, b na ch. Kisha akamgeukia Mugendi. "Na wewe, bwana harusi mtarajiwa?"

Mugendi alitazama meza. "Mke," alisema.

Ednah alijikaza. Si alikishona kitabu makusudi watu wakosee? Na akosee, baadaye watacheka.

"Sababu?" Mzee aliuliza.

"Ni yeye aliyepika. Hakuna mwingine aliyegusa chakula. Halafu hakulia." Mugendi alikuwa anaongea kama mtu anayejadiliana na nafsi yake, na nafsi inashinda. "Lakini kubwa ni ile sufuria. Mume amekufa, hata majirani hawajafika, yeye anaosha sufuria. Alfajiri. Inakutwa imefudikizwa uani inachuruzika maji. Nani anaosha vyombo siku kama hiyo, kama hakuna kitu anachotaka kiondoke?"

Joyline alikunja uso. "Sufuria gani? Hiyo iko wapi?"

"Si... kule katikati."

"Mimi nimesoma hiki kitabu mara mbili, nilikuwa na mafua. Hakuna sufuria iliyooshwa. Polisi walikuta vyombo vichafu jikoni, nzi wamejaa. Mzee, kuna sufuria?"

Mzee Hezekiah alishusha miwani. "Hakuna," alisema taratibu.

Ilisikika buchari ya jirani ikipasua mfupa.

Ednah hakuhitaji kukumbushwa kurasa. Sufuria ile aliijua. Ilikuwa ya alumini, kishikio kimoja kililegea, na aliiosha mwenyewe uani kwake Kianjokoma. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyeikuta ile sufuria imefudikizwa, naye ni Mama Wamuyu. Na Mama Wamuyu amekuwa akizungumza na mtu wa bima.

Alimsogezea Mzee Hezekiah mkasi. "Kata uzi, Mzee. Wasomee."

"Hukai usikilize?"

"Mimi naujua mwisho."

Akatoka kwa mlango wa uani. Nyuma yake alisikia kiti kikisukumwa.

Uani kulikuwa na karai la vikombe vichafu na kamba ya nguo. Ednah alisimama akiwa amempa Mugendi mgongo. Alimpenda mtu huyu. Alipenda anavyopinda kichwa akifikiri, anavyomsubiri amalize sentensi, vile viganja vyake vikubwa vinavyoshika kitabu kama vinashika kifaranga. Mapenzi hayakwenda popote kwa sababu ya yale yaliyosemwa mezani. Yalibaki palepale, yakawa mzigo.

"Ulienda lini?" aliuliza.

Mugendi hakujifanya haelewi. Kwa hilo angalau Ednah alimheshimu. "Alhamisi."

"Ukamwambia wewe ni nani?"

Mugendi alitazama vikombe karaini.

"Mugendi. Nimekuuliza."

"Nilisema natoka kwa watu wa bima."

Ednah aligeuka. Alicheka, na cheko hilo halikuwa na furaha hata ya kijiko. "Bima! Tumesoma vitabu vingapi mpelelezi anajifanya mtu wa bima? Si tunamcheka? Si wewe mwenyewe ulisema hakuna mtu mwenye akili anaweza kudanganyika hivyo?"

"Ednah, nisikilize..."

"Umedanganya mama mzee aliyezika mtoto. Jana amenipigia analia. Mimi nikamwambia asijali, ni matapeli, Jumapili namletea mtu mzuri." Alisukuma karai kwa mguu. "Nikasema hivyo. Mtu mzuri."

Mugendi alijipangusa uso kwa kiganja. "Ni mama yangu. Kuna mwanamke huko Githongo aliyewahi kuolewa pande za Embu. Alimkuta mama sokoni, akamwambia huyo Ednah wa mtoto wako ndiye yule wa chakula. Mama ana mimi peke yangu. Akanipigia, akaniambia, 'Mugendi, usiweke mdomoni kitu cha huyo mwanamke.' Kila siku ananipigia. Nikaona niende nipate ukweli, nimnyamazishe. Nilienda kukutetea."

"Kunitetea vipi, na mimi sijui kama nimeshtakiwa?"

Mugendi aliinama akaokota kikombe, akakirudisha karaini.

"Juzijuzi nilipika mukimo wa viazi," Ednah aliendelea, sasa polepole, kama mtu anayefumua mshono asichane kitambaa. "Ulisema umeshiba. Wiki ile ya mvua nilikuletea uji kazini. Ukasema utakunywa baadaye. Leo nduma. Mugendi, wewe umekuwa umeshiba tangu lini?"

Macho yake yakaanguka chini, na hilo lilimuumiza Ednah kuliko yale ya mezani. Ya mezani yalikuwa maneno. Hili lilikuwa tumbo la mtu anayemwogopa.

"Mama Wamuyu alikuambia hospitali ilisema nini?"

"Aliniambia. Kidonda cha tumbo kilipasuka. Alikuwa nacho siku nyingi na hakusema."

"Alikuambia kwamba yeye pia alinishuku?"

"Aliniambia. Miaka miwili. Halafu akaja kwako na mkungu wa ndizi kuomba msamaha."

"Kwa hivyo jibu lote unalo tangu Alhamisi. Na leo ni Jumamosi, na bado umekataa nduma."

"Kichwa kimeelewa," Mugendi alisema kwa sauti ya chini sana. "Ni mwili umekataa. Mama ameniwekea kitu hapa tumboni, Ednah, hakitoki."

Dirishani kelele ililipuka. Joyline alikuwa anapiga meza. "Hakuna muuaji? Yaani hakuna hata mmoja? Kitabu kizima nimemchukia mtu wa kofia bure? Mzee, angalia tena, labda kurasa zimeshikana!"

Ednah alisubiri kelele ipungue. "Unataka kujua habari ya sufuria? Nyamu alifia njiani kwenda hospitali. Nikarudi nyumbani peke yangu kuchukua shuka za kumfunika. Sikuweza kulia. Mikono ilikuwa inataka kazi. Kama kungekuwa na nguo ningefua. Kama kungekuwa na shamba ningelima. Kulikuwa na sufuria. Ni hivyo tu. Ungeniuliza, ningekuambia."

"Niliogopa kukuuliza."

"Uliogopa nitadanganya?"

"Hapana." Aliinua macho hatimaye, yamelowa. "Niliogopa nitakuamini. Wewe ukisema kitu mimi naamini hata kabla hujamaliza. Nikasema mtu kama mimi hawezi kuwa shahidi."

Siku nyingine, maneno hayo yangemlainisha mwanamke huyu akawa maji. Leo yalipita kifuani yakamchoma na kuendelea na safari.

"Kesho unakuja Kianjokoma," alisema. "Huji kuposa. Unakuja kumwambia mama yule wewe ni nani, mbele yangu, kwa mdomo wako."

"Na baada ya hapo?"

"Usiniulize kama mtu wa bima."

Akaingia ndani, akaosha vikombe vyote, vya waliokosea na vya asiyekosea, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

*

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya chai walipofika bomani kwa Mama Wamuyu, kila mmoja akiwa amekuja kivyake mpaka wakakutana langoni. Walisalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki.

Mama Wamuyu alikuwa ametoka kanisani. Bado alivaa lile gauni lake la zambarau, na uani kuku alikuwa tayari amenyonyolewa kwa heshima ya mgeni mzuri. Alimwona Ednah kwanza, akafungua mikono. Kisha akamwona aliye nyuma yake, na mikono ikabaki hewani.

"Bima!" alisema. Uso wake ulijaa kitu ambacho Ednah hakukitarajia, tena hakikuwa hasira. Kilikuwa tumaini, na lilikuwa baya kulitazama. Akampita Ednah, akamshika Mugendi mkono kwa mikono yake miwili. "Umerudi haraka hivyo? Mmempata? Niambie tu, mwanangu, mimi nimejikaza. Nani alimuua?"

Mugendi aliuacha mkono wake mikononi mwa mama. Akamtazama Ednah. Ednah hakumpepesea hata ukope.

"Mama," alisema, "hakuna aliyemuua. Na mimi si mtu wa bima. Nilikudanganya. Naitwa Mugendi, mtoto wa Angeline wa kule Githongo. Mimi ndiye huyo mgeni wa Ednah wa leo. Nilisikia maneno juu yake, nikakosa ujasiri wa kumuuliza, nikaja kukuuliza wewe kwa ujanja. Nimekukosea."

Mama Wamuyu alimwachia mkono polepole. Akatafuta kigoda kwa mguu, akakipata, akakaa.

"Kwa hivyo hakuna kesi."

"Hakuna, Mama."

"Hakuna mtu anachunguza."

"Nilikuwa mimi tu."

Mama yule alitikisa kichwa. "Tangu Alhamisi sijakula vizuri," alisema. "Nimemtafuta huyo muuaji kila mahali. Nimemshuku mwenye mashine ya kusaga posho. Nimemshuku shemasi, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuja kwenye matanga mapema sana. Leo asubuhi mke wa jirani yetu Kiunga amenisalimu kanisani mimi nikageuza uso, kwa sababu nilikumbuka Nyamu alikunywa maziwa kwao siku ile. Mbele ya watu wote. Sasa nitamwambia nini yule mama?"

"Nitaenda nimwambie mimi," Mugendi alisema.

"Ndiyo utaenda! Nyumba ile ya bati jekundu, ng'ambo ya shamba la chai. Na usiseme bima. Sema ulivyo."

Aliondoka akikanyaga matope kwa viatu vyake vya ofisini. Wanawake wawili walimtazama mpaka ukungu ukammeza. Kisha Mama Wamuyu akaanza kucheka kwa mabega, na cheko likageuka likawa machozi, na Ednah akapiga magoti kando yake, akamshika.

"Mwana wakwa, mwanangu, nilikuwa nimemzika Nyamu," mama alisema. "Nilikuwa nimemzika vizuri kabisa."

"Najua, Mama. Nisamehe. Ni mimi nimekuletea."

"Wewe umeletewa kama mimi." Akajifuta kwa kitambaa cha kichwa. "Unampenda?"

"Nampenda. Hiyo ndiyo shida."

"Basi msamehe. Mimi nilikushuku na ukanisamehe. Tena mimi nilikuwa nalala mlango wa pili, nakuona kila siku ukimpikia mtoto wangu, na bado nilikushuku."

"Wewe ulikuwa umefiwa na mtoto, Mama. Ulikuwa na haki ya kupotea. Yeye amefiwa na nini?"

Mama Wamuyu alitazama upande wa bati jekundu. "Hajafiwa. Lakini ana mama anayeogopa kufiwa. Huo woga naujua. Wangu ulikuja baada ya jeneza. Wake umekuja kabla." Akamgusa Ednah shavuni kwa kiganja kigumu cha mchuma chai. "Ruhusa uliyonijia, ninayo. Sijaitoa na sijainyima. Nitaitoa siku utakayoniomba ukiwa unacheka. Leo hucheki."

Mugendi alirudi suruali imelowa mpaka magotini.

"Amesemaje?" Mama Wamuyu aliuliza.

"Amenitukana."

"Vizuri."

"Kwa Kiembu. Sikuelewa yote."

"Nitakutafsiria siku nyingine, ukiwa umekaa. Kula kwanza."

"Hatakula, Mama," Ednah alisema. "Anaenda."

Alimsindikiza mpaka langoni. Hapo Mugendi alisimama, mvua nyepesi ikimpiga usoni, na Ednah akatamani kumpangusa, na mkono wake ukabaki mfukoni kwa nguvu alizokuwa nazo zote.

"Nikupigie kesho?" aliuliza.

"Usinipigie. Usirudi Meru leo, nenda Githongo. Mwambie mama yako ana maswali juu yangu na mimi nina simu. Anipigie mwenyewe, aniulize mimi."

"Ednah, humjui mama. Hawezi. Tangu nianze kukutaja hajawahi hata..."

"Kunitaja jina. Najua. Mimi ni 'huyo wa Embu.' Ndiyo maana nataka anipigie. Nimechoka kuulizwa kwa watu wengine. Nimekaa miaka mingi watu wa sokoni wakinijibia. Kama hatapiga, sawa, nitajua. Nitalia kidogo, nitashona sare, shule zitafunguliwa. Lakini siingii nyumba ambayo watu watanusa kijiko kabla ya kula."

"Na mimi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeng'olewa jino. "Mimi unaniacha wapi?"

"Nakuacha Githongo. Na wewe ukitoe hicho kitu ulichosema hakitoki. Mimi siwezi kukutolea."

Mugendi aliitikia kwa kichwa, akageuka, na Ednah akabaki ameshika nguzo ya lango mpaka mgongo wake ukapotea kwenye kona ya kiwanda cha chai. Hapo ndipo alipolia. Siku Nyamu alipofariki hakuweza, na leo, kwa mtu aliye hai na mwenye afya yake, machozi yalikuja mengi bila aibu, hata akashangaa yalikuwa yamekaa wapi.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya miti wakati simu ilipolia. Walikuwa wamekaa mlangoni kwa jikoni, Ednah na Mama Wamuyu, wakimenya viazi. Namba ilikuwa ngeni. Ednah alifuta mikono kwenye leso.

"Haloo."

Ilisikika mbuzi, na mlango ukifungwa, na mtu akipumua kama aliyepanda kilima.

"Haloo?" Ednah alirudia.

"Huyu ni mama wa Mugendi," sauti ya mwanamke ilisema, kavu na yenye tahadhari. "Naongea na... ni wewe Ednah?"

Kisu kilisimama katikati ya kiazi. "Ni mimi, Mama. Habari ya huko?"

"Ni nzuri. Huyu mtoto amekuja hapa amelowa, amekaa kwenye kiti cha baba yake, ananiambia kama nina neno niulize mwenyewe. Mimi nimemwambia siwezi kumuuliza mtu jambo kama hilo. Amenijibu hata yeye alifikiria hivyo." Akakohoa. "Sasa sijui nianzie wapi."

"Uliza tu, Mama. Sitakasirika."

"Yule mume wako. Alikufa namna gani?"

Mama Wamuyu alikuwa ameacha kumenya. Ednah aliishusha simu magotini, akabonyeza sauti itoke nje, akaiweka kati yao juu ya kigoda.

"Nitakuambia," alisema. "Nitakuambia yote mpaka hospitali, na ukitaka kurudia swali utarudia. Lakini watu wamekusimulia Nyamu akiwa amekufa tu. Ningependa kwanza umjue akiwa mzima. Una nafasi?"

Kule Githongo kiti kilivutwa. Mtu akaketi.

"Nina nafasi," Angeline alisema.

Ednah alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakujua aanze na nini. Mama Wamuyu akasogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana, akainama karibu na sikio lake.

"Anza na kuimba," alinong'ona. "Mwambie alivyokuwa akiimba vibaya."